Moto wa Chini ya Sakafu kwa Bwana Jasho

Vijana wa boila, siku ile ya kuniaga mliniomba niwaandikie nilivyoanza kazi ya moto. Najua mlikuwa mnanitania, maana mkono wangu umezoea sepetu kuliko kalamu. Lakini sasa nina muda mwingi. Mke wangu amechoka kuniona nikichokonoa jiko lake kila asubuhi na kumweleza namna ya kupanga kuni, kwa hiyo ameninunulia daftari yeye mwenyewe na kuniambia nikakae uani. Mkiona maneno haya ni marefu, mlaumuni yeye.

Habari za vyeo sitaandika. Nilianza nikiwa mtia kuni, nimemaliza nikiwa mtia kuni anayeitwa mzee. Wala sitaandika sana juu ya boila yenu ya kiwanda cha katani, kwani mnaijua ilivyo na mnajua inapovuja. Nataka niwaeleze tanuri langu la kwanza, enzi za Mjerumani, pale chini ya mlima, njia ya kwenda Kilakala. Wengi wenu mmepita kando ya matofali yake mkidhani ni msingi wa nyumba ya mtu. Ilikuwa hamamu.

Mwenyewe alikuwa mlowezi wa Kijerumani ambaye sisi tulimwita Bwana Jasho. Alikuwa na shamba la mpira, nyumba yenye veranda juu ya kilima, magoti mabovu, na kitabu kikubwa chenye picha za Warumi wa kale. Warumi hao, kama alivyotueleza, walipenda kuoga kupita kiasi. Kila mji wao ulikuwa na nyumba ya kuogea ya watu wote, yenye chumba cha baridi, chumba cha uvuguvugu na chumba cha moto, na moto wenyewe uliwaka chini ya sakafu. Madaktari wa kwao walikuwa wameyashindwa magoti yake, basi akaamua kujaribu dawa ya Warumi. Aliijenga hamamu yake kwa kufuata zile picha, kuanzia kuta mpaka chini ya ardhi. Kijiji kizima kilikuja kutazama. Watu walipoona sakafu imeinuliwa juu ya vinguzo vya matofali, vifupi vya kufika gotini, na tanuri limechimbwa pembeni, walikubaliana kwamba Mzungu anajenga mahali pa kukaushia nyama ya tembo.

Siku yangu ya kwanza nilikwenda pale na kadi yangu ya kazi mkononi. Wakati ule mtu ambaye kadi yake haikutiwa alama aliweza kuchukuliwa akavunje mawe ya barabara, na mimi mawe sikuyapenda. Nilidhani nitapewa jembe nipalilie mipira. Bwana Jasho alinitazama mikono, akanigeuza mgongo, akasema, "Wewe, moto." Hivyo ndivyo nilivyopata kazi iliyonilisha mpaka nikaota mvi.

Aliyenifundisha aliitwa Fundi Mbaraka, mtu wa Bagamoyo, ambaye alikuwa amechoma chokaa pwani tangu ujana wake. Hakuwa na nyusi. Zilikwisha ungua zamani na zikakata tamaa ya kuota tena. Nilimkuta shimoni mbele ya mlango wa tanuri, amekaa juu ya gogo, anakunywa kahawa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Moto unajua kuwasha?"

"Nyumbani huwa nawasha."

"Basi hujui. Vua shati, ingia chini ya sakafu, ukazoe takataka za waashi."

Nilitambaa kwa tumbo baina ya vile vinguzo, giza tupu, huku nikisikia Bwana Jasho akitembea juu ya kichwa changu. Nilitoka mweusi tii. Fundi Mbaraka alicheka mpaka kahawa ikamwagika, kisha akanieleza jambo ambalo nami nimewaeleza ninyi mara mia: mtia kuni asiyejua moto wake unapita wapi anatupa kuni tu. Ndiyo maana kila mgeni wa boila nilimtia kwanza ndani ya tumbo la boila akiwa bado ana nguo safi.

Alinifundisha kuni pia. Mgunga una joto kali na makaa yake yanadumu. Mkuyu ni mti wa kukaa kivulini, ukiutia motoni unalia machozi tu. Zana zetu zilikuwa sepetu, reki ya chuma yenye mpini wa pima mbili, na ndoo ya maji kwa ajili ya miguu yetu wenyewe. Kipimo cha joto hatukuwa nacho. Fundi alidondosha tone la maji juu ya sakafu ya chumba cha moto: likitulia na kufuka taratibu, wageni waingie, likirukaruka, wangoje. Fundi huyo huyo alichonga mitalawanda ya mti kwa ajili ya wageni, wasiungue nyayo. Mgeni mmoja mnene, aliyekuja kwa treni, aliikataa akisema ni viatu vya wanawake. Akaingia miguu mitupu. Alitoka upesi kuliko alivyoingia, tena uchi, akapita mbele ya wapalilia mipira wote. Baada ya siku hiyo hakuna aliyekataa mitalawanda.

Tulipoiwasha hamamu mara ya kwanza, sakafu ilitaka siku tano kupata joto. Siku tano za kulisha tanuri bila kupumzika, rundo la kuni lililokuwa juu kuliko paa likaisha, na siku ya tano ndipo tone la maji likafuka. Bwana Jasho alitoa amri moja tu, nayo ilikuwa amri ya kweli: moto usizimike. Ukizimika, matofali yote yanarudi kwenye ubaridi na sisi tunaanza upya na rundo jingine kama lile. Kwa hiyo moto uliwaka Jumatatu, ukawaka Jumanne, ukawaka siku zote ambazo hakuna aliyeoga, ili Jumamosi Bwana Jasho na wageni wake saba au kumi wakae watoke jasho kwa saa mbili. Magoti hayakupona.

Kuni zililetwa na wanawake. Wanaume walikata, wanawake wakabeba, kwa ujira wa chumvi na kaniki, na aliyewaongoza alikuwa mama yangu mzazi. Mwanzoni walikata hapo hapo nyuma ya hamamu, wakawa wanafika na mitita yao huku wakiimba. Baada ya masika moja wakawa wanapanda hadi bonde la pili. Halafu bonde la tatu, na nyimbo zikaisha. Nikampokea mama mtita wake asubuhi moja, nikauona mzito kuliko gunia la mahindi.

"Shikamoo, mama. Mmetoka mbali?"

"Marahaba. Nimepita shamba la shangazi yako, nimepita kwa mfua chuma, nimepita mpaka mahali ambapo hawaniamkii kwa sababu hawanijui. Hilo tanuri lako lina njaa ya nini?"

Nikautua mtita wake juu ya rundo. Msitu wa juu ulikuwa umekwisha wekewa mipaka na serikali, hakuna kugusa hata kijiti. Chini kulikuwa na mashamba ya walowezi. Katikati palibaki msitu mmoja tu wenye miti ya maana, nao ulikuwa wetu, wa ukoo. Sisi Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo mwenye sauti juu yangu alikuwa mjomba Mloka, kaka yake mama, na mjomba Mloka ndiye aliyekuwa mlinzi wa msitu ule. Ndani yake kuna makaburi ya bibi zetu na kuna chemchemi tunayotambikia mvua. Mtu haokoti humo hata ukuni ulioanguka. Bwana Jasho aliutazama kwa darubini yake kutoka verandani, akauliza kwa nini miti mizuri kama ile imekaa bure.

Nilipata hofu. Nikifikiria nyuma, ndiyo mara ya kwanza nilipoona kwamba kuni za kazi yangu zina mahali zinapoishia, na mahali penyewe ni juu ya kaburi la bibi yangu.

Dawa niliipata kwa mama, bila yeye kujua. Nilikuwa nyumbani nikila ugali, nikamwona akifukia makaa ya mafiga kwa majivu kama afanyavyo kila mwanamke wa mlimani, ili asubuhi afukue na kupuliza bila kuomba moto kwa jirani. Nilikuwa nimeyaona hayo tangu nizaliwe. Nikaacha tonge. Kesho yake nilimwambia Fundi Mbaraka: siku ambazo watu hawaogi, tuwe tunajaza makaa, tunafukia kwa majivu, tunaziba mlango wa tanuri kwa udongo mbichi na kuacha tundu la kidole.

"Hiyo ni akili ya jikoni," akasema Fundi.

"Ndiyo, Fundi."

"Pwani tumeunguza mikoko miaka na miaka, hakuna aliyemuuliza mkewe." Akasugua mahali palipokuwa na nyusi. "Jaribu."

Tulijaribu. Sakafu ilikaa na joto lake siku nzima na kuni zilizoliwa hazikufika nusu. Nilikuwa karibu kucheza ngoma mle shimoni. Kabla sijaanza, Bwana Jasho akashuka kilima mbio, amevaa ndara na nguo za kulalia, magoti yakimpeleka huku na huku.

"Moto umekufa! Sioni moshi!"

Tulimwonyesha makaa. Hakusadiki. Yeye alijua kazi yetu kwa moshi tu: kila asubuhi alielekeza darubini kwenye dohani, akiona moshi mzito anakunywa chai yake kwa raha. Ninyi mnajua kwamba moshi mzito ni kuni zinazopotea hewani, na moto mzuri karibu hauna moshi. Nenda kamweleze hayo mtu aliyejenga dohani ndefu ili majirani waione. Alituamuru tuongeze magogo.

Fundi Mbaraka alisubiri Bwana aondoke, akaniambia kwa upole, "Anataka moshi. Mpe moshi." Tangu siku ile tulifukia makaa yetu kwa majivu, na katika jiko dogo la chuma karibu na dohani tukawa tunachoma nyasi mbichi na majani ya mgomba. Moshi uliotoka ulikuwa mnene, mweupe, wa kujivunia. Bwana Jasho alitupungia mkono kutoka verandani. Wanawake wakawa wanaleta mitita kwa siku chache tu za juma, na rundo la akiba likaanza kunenepa.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hili naomba mlisome vizuri. Nililiacha rundo likae mahali pa kuonekana. Nilijivunia. Kila ukuni niliookoa niliupanga kwa ustadi mbele ya tanuri, mistari imenyooka. Asubuhi moja Bwana Jasho akasimama mbele yake, akaweka mikono kiunoni, uso umejaa furaha, akaniita kwa jina.

"Mkude! Kuni nyingi! Vizuri sana! Tutajenga chumba cha pili cha moto. Kikubwa. Cha mabibi."

Nikamtazama Fundi, Fundi akatazama kahawa yake. Waashi walikuja juma lile lile. Chumba cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, na kabla hakijapata hata uvuguvugu, akiba yangu yote ilikuwa imekwisha kuwa majivu. Bwana Jasho alikuwa amekwisha waalika wageni wa Dar es Salaam na wake zao, watakuja na treni. Ijumaa alituita, akanyoosha kidole kuelekea msitu wa ukoo. Jumatatu wakataji waanze pale.

Mjomba Mloka alikuja kuniona Jumamosi asubuhi. Hakushuka shimoni. Alisimama juu, amejitanda shuka lake, nikapanda mimi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Nimeambiwa miti ya bibi zako inakuja huku kwako."

"Si mimi, mjomba, ni Bwana."

"Bwana anatia kuni?"

Nikapangusa majivu mikononi.

"Sikuja kugombana nawe," akasema. "Nikisimama mbele ya shoka nitafungwa, nimeshakubali kufungwa. Nimekuja kukuuliza kitu kimoja, maana wewe ndiye unayeijua kazi hii. Ikikatwa yote, hicho chumba kitakaa na moto mpaka lini?"

Swali lile lilinichoma, kwa kuwa sikuwahi kulipima. Mimi na Fundi tuliupima msitu kwa kamba siku hiyo, tukizunguka nje bila kuingia, tukahesabu miti mikubwa na kukisia mitita yake. Tulirudia mara mbili. Jibu lilikuwa mpaka mahindi yakomae. Baada ya hapo, msitu hakuna, chemchemi iko juani, na vyumba viwili vyote ni baridi.

Jumapili nilimwomba Bwana Jasho ashuke shimoni. Nilimwonyesha kila kitu. Nilifukua majivu, aone makaa mekundu yasiyo na moshi. Nilimwonyesha jiko dogo la nyasi na majani ya mgomba. Nilimwambia moshi aliokuwa akiutazama wakati anakunywa chai ulikuwa wa mgomba.

Akawa mwekundu mpaka masikioni. "Mmenidanganya!"

"Ndiyo, Bwana. Nisamehe. Lakini ukibaki na chumba kimoja, na kuoga Jumamosi tu, nitakilisha kwa matawi ya mashambani na magogo ya mpira yaliyozeeka, bila kugusa msitu. Ukitaka viwili, tutaula msitu, na mahindi yakikomaa sakafu zitakuwa baridi, nasi hatutakuwa na kuni za kuziamsha."

"Chumba kimoja! Wageni wangu wakae kwa zamu kama wanangoja mganga?" Aligonga dohani kwa fimbo. "Vyumba viwili au hakuna! Kama huwezi, zima! Zima moto wako!"

Alisema hivyo akijua sitazima. Nilijua anajua. Moto ule ulikuwa kazi yangu, kadi yangu, na chakula changu. Tena nilikuwa naupenda, na ninyi ninaowaandikia najua mnaelewa mtu anavyoweza kuupenda moto. Nilimtazama Fundi Mbaraka. Akasema taratibu, "Mimi nitarudi pwani kwenye chokaa. Wewe ndiye mwenye mjomba." Kisha akainua ndoo.

Nikachukua reki. Nikaingiza mpini wote, nikavuta makaa mpaka ya mwisho, yakamwagika miguuni petu, na Fundi akamwaga maji. Shimo likajaa mvuke. Ulipotawanyika, Bwana Jasho alikuwa bado amesimama pale pale, miwani imeingia ukungu.

"Umezima kweli," akasema.

"Umeniamuru, Bwana."

Nilitegemea kiboko. Badala yake alikaa juu ya gogo la Fundi, akaanza kusugua magoti yake, akionekana mzee. Nilimhurumia. Alijua kama sisi kwamba kuiamsha sakafu ile kungetaka siku tano, vyumba viwili labda kumi, na hata msitu wote wa ukoo ukikatwa, isingepata joto kabla ya wageni kufika. Kisha akasema, "Wageni wanafika kesho kutwa."

"Wapeleke kuwinda, Bwana," akasema Fundi Mbaraka. "Kule Kisaki nyati ni wengi, na jasho litawatoka bure."

Akawapeleka. Hamamu haikuwashwa tena, na msitu wa ukoo haukuguswa. Alimwachia Fundi ufunguo wa mlango ili ayang'oe mabomba, nami nikatafutiwa kazi kwenye tanuri la matofali, kutoka huko shamba la katani, na mwishowe boila yenu. Lakini Jumanne ile, Bwana alipokwisha kuondoka na wageni wake, Fundi aliingia chumba cha moto, akadondosha tone la maji. Likatulia, likafuka. Kumbe matofali yalikuwa bado yameshika joto la kuni za miaka.

"Kamwite mama yako," akaniambia. "Na wenzake wote."

Walikuja kama ishirini. Mimi na Fundi tulikaa nje, mgongo ukutani, kama inavyopasa. Tulisikia mitalawanda ya Wazungu ikigonga sakafu, tukasikia vicheko, tukasikia mtu akianguka na wengine wakishangilia. Halafu mitalawanda ikaacha kugonga. Nadhani walikuwa wamelala chali. Kisha sauti ya mama ikatoka dirishani.

"Mkude!"

"Naam, mama."

"Kuni zetu zote zilikuwa zinakuja humu?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa ajili ya magoti ya mtu mmoja?"

"Na wageni, mama."

"Yalipona?"

"Hayakupona."

Walicheka mpaka nikahofia vinguzo vya chini vitaanguka. Walirudi Jumatano, wakarudi Alhamisi. Kila siku sakafu ilikuwa imepungua joto kidogo na wao wakakaa muda mrefu zaidi. Ijumaa mama alikuja peke yake, akaweka kiganja juu ya matofali, akatikisa kichwa. Akaenda mlimani kuangalia maharage yake. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya ukuta wa shimo, sina la kufanya, nikamwona akirudi kwa njia ile ile aliyobebea kuni miaka yote. Alikuwa hana kitu kichwani. Alishuka upesi, kiguu na njia, na kila baada ya hatua chache mkono wake mmoja ulipanda juu kushika mtita, ukakuta hakuna.